Kijiti cha Kiberiti Kutoka Nyuma ya Sikio, Ndani ya Asali Yangu

Mrina wa Mikindani:
Assalamu alaikum, wanabaraza. Ninaandika mikono ikitetemeka, na ninaomba asitokee mtu wa kuniambia nitulie, kwa sababu jambo lenyewe halijatimiza hata saa moja. Aliyelitenda mnamjua. Ni yule bwana wa Kibokoni aliyerudisha feni dukani baada ya kaskazi kwisha, akidai kwamba haikutoa upepo wa kumtosha.

Leo alasiri, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa kahawa, bwana huyo alilifungua kopo la asali niliyomuuzia kwa simu wiki tatu zilizopita, akatoa kijiti cha kiberiti nyuma ya sikio lake, akakichomeka ndani ya asali mpaka vidole vikagusa, kisha akakipiga kwenye kasha. Wenye kipimo hicho huamini kwamba kijiti kilichochovywa katika asali safi huwaka. Hakikuwaka. Akawageukia wazee kama kadhi anayetoa hukumu, akasema, "Sukari guru hii."

Nyuma ya sikio, jamani! Tena ni kijiti kile kile ambacho muda mfupi kabla ya hapo nilimwona akikichokolea sikio lenyewe.

Mimi nina mizinga minne tu, pembezoni mwa mikoko ya Mikindani, na kazi hii naifanya kwa mapenzi baada ya kutoka kibaruani. Sirini mpaka nyuki wenyewe wawe wameyaziba masega kwa nta, maana asali ikirinwa ingali na maji mengi huchacha. Nilijinyima hata nikanunua refraktomita, kidude mfano wa darubini ndogo: unaweka tone la asali juu ya kioo, unachungulia kwenye mwanga, nawe unasoma kiasi cha maji. Asali yake ilisoma asilimia 18, ilhali mpaka unaokubalika ni 20, na picha nilimtumia. Kifaa changu chote hicho kimeshindwa na nta ya sikio.

Kisa chenyewe ni kwamba aliitia kwenye friji. Asali ikipata baridi huganda, nayo hufanya chembechembe; angeliweka kopo ndani ya maji ya vuguvugu, chembe zingeyeyuka zenyewe. Na kijiti kilicholowa hakiwaki, kilowe kwa asali, kwa chai au kwa jasho la mwenye kukishika. Lakini yeye alitaka arudishiwe shilingi 1,000 zake, na kopo limebaki nusu! Kichwa cha kijiti kilimeguka kikabaki humo, chekundu, kimetulia juu ya asali yangu kama bwana harusi jukwaani.

Mpika Mahamri:
Pole sana, mwanangu. Je, pesa ulimrudishia?

Mrina wa Mikindani:
Nilimrudishia, shangazi, kwa kuwa wazee wote walikuwa wakinitazama.

Mpika Mahamri:
Basi huna haki ya kulalamika. Mimi niliagizwa mahamri 60 ya khitma, mteja akayahesabu mbele yangu mara tatu, akadai yamepungua moja, na hilo moja lilikuwa mkononi mwa mwanawe likitafunwa. Sikumrudishia hata senti.

Mzee wa Kahawa:
Nilikuwepo barazani, na haki ya shahidi ni kusema kweli. Kijiti hakikutoka ndani ya sikio, kilitoka nyuma ya sikio, na kati ya pahala hapo pawili pana tofauti kubwa. Mlipoondoka tulikiopoa kile kichwa kwa kijiko, tukaionja asali kwa kashata, nayo ilikuwa tamu sana. Kopo sasa ni tupu. Kilichotuudhi ni kelele zako, kijana, kwani kahawa ilipoa.

Mrina wa Mikindani:
Mmeila, ami? Baada ya sikio?

Juisi ya Miwa, Marikiti:
Afadhali wafuga nyuki mmejitokeza, kwa sababu nimewatafuta muda mrefu. Tangu asubuhi hadi magharibi nyuki wenu wamejaa kwenye mashine yangu, wateja wanakimbia, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunilipa gharama za miwa. Asali mnayouza ghali ni juisi yangu iliyopita tumboni mwa mdudu.

Mrina wa Mikindani:
Bwana, nyuki huhemea kiasi cha kilomita 3 kutoka mzingani, na kutoka Mikindani mpaka Marikiti ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hao si wangu. Turejee kwenye kijiti, tafadhali.

Juisi ya Miwa, Marikiti:
Kila mfugaji husema si wake. Nani amewahi kumwona nyuki mwenye kitambulisho?

Duka la Umeme:
Naomba nami nisikilizwe, kwa kuwa feni iliyotajwa hapo juu ilirudishwa kwangu. Bwana huyo aliileta ikiwa na vumbi la miezi minne, panga moja limefungwa kwa uzi wa kushonea, na ndani ya kasha nilikuta risiti ya duka jingine kabisa.

Mpika Mahamri:
Kwa hiyo feni haikuwa yako, nawe ukaipokea?

Duka la Umeme:
Niliipokea, kwa sababu nilikuwa na wateja na aibu ilinishika.

Mkaazi wa Changamwe:
Huku kwetu joto halilaliki. Feni hiyo, pamoja na uzi wake, mnaiuza shilingi ngapi?