Oksijeni inanigomea kwenye C₄H₁₀

Kidato cha Tatu, Dodoma mjini: Shikamooni walimu. Nasawazisha mlinganyo wa kuungua kwa butani, iliyomo kwenye mitungi ya gesi: C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Nikiweka 4CO₂ na 5H₂O, oksijeni kulia zinakuwa 13. O₂ zinakuja mbilimbili! Naruhusiwa kuandika H₂O₂?

Mwalimu, Kondoa: Marahaba mwanangu. Namba ndogo ya chini, ndani ya fomula, usiiguse kamwe; H₂O₂ si maji tena. Ulipofika ni pazuri sana. Weka 6½ mbele ya O₂, kisha zidisha vyote kwa 2: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Oksijeni 26 huku, 26 kule.

Dada wa Mpwapwa: Oksijeni iache mwisho, kushoto iko peke yake. Jaribu propani, C₃H₈.

Kidato cha Tatu: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Imekaa!