Bundesliga 2, ligi daraja la pili Ujerumani, inarudi Ijumaa: wewe ilikunasia wapi? Tupeane uzoefu

Wadau, Ijumaa hii tarehe 1 Agosti 2025, saa 3:30 usiku kwa saa za kwetu, Schalke 04 anamkaribisha Hertha Berlin na pazia la msimu wa 2025/26 linafunguliwa. Ndiyo, Schalke yule yule aliyemaliza wa pili nyuma ya Bayern mwaka 2018, na Hertha yule mwenye Uwanja wa Olimpiki. Wako daraja la pili na hakuna anayeshangaa tena.

Raha ya ligi hii iko hapo. Timu 18, mechi 34, wawili wanapanda moja kwa moja, wa tatu anakwenda mtoano na aliyeshika nafasi ya 16 kule juu, na kila mwaka mwenye jina kubwa anaachwa stendi. HSV (Hamburg) na Köln wametutoka, wamepanda. Wameshuka Bochum na Holstein Kiel. Kutoka chini wamekuja Dynamo Dresden na Arminia Bielefeld, na huyo Bielefeld msimchukulie poa: akiwa daraja la tatu alimtoa Leverkusen nusu fainali ya Kombe la Ujerumani, akaja kufungwa 4-2 na Stuttgart kwenye fainali.

Sasa nataka visa, utabiri tuuache. Ilikunasia wapi, na msimu huu uko upande wa nani? Mimi ni mikeka, kama wengi wetu. Hakuna mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa anampenda Greuther Fürth, majina haya tumeyajulia kwenye kubeti Jumamosi mchana. Karibuni.

Kijana wa Temeke
Mkuu, kwa mikeka umenigusa. Mei 2024 kibanda umiza cha mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani mmoja. Düsseldorf alishampiga Bochum 3-0 kule kule Bochum kwenye mtoano, bado marudiano nyumbani. Fundi kaweka hela ya kitambaa cha mteja, Düsseldorf kupanda, odi ya kuchekesha, faida yenyewe hainunui soda. Alisema hii ni kuokota tu. Bochum kaja karudisha zote tatu, wakaenda matuta, akapita 6-5. Fundi alisimama bao la pili, akakaa, akasimama la tatu, matuta yalipoisha akamwomba mwenye kibanda awashe taarabu.

Mwaka mmoja tu, Bochum naye kashuka, sasa wanakutana huku huku. Siku hiyo kiingilio cha fundi nalipa mimi.

Mnyamwezi wa Essen
Mimi ni jirani na Schalke. Wengi mnaiona kwenye luninga tu, ngoja niwape ya ndani. Tiketi ya mechi ndiyo nauli yako pia, unapanda tramu namba 302 kutoka stesheni ya Gelsenkirchen, na humo ndani hata mkono wa kujikuna hupati. Njia wanayotokea wachezaji imejengwa mfano wa handaki la mgodi, kwa sababu babu zao walichimba makaa ya mawe.

Kilichoniteka ni Mei 2022, mechi na St. Pauli. Tukishinda tunapanda. Mapumziko tuko nyuma 2-0. Mzee wa pembeni yangu, hatujuani, aliingiza ncha ya skafu mdomoni akaing'ata kipindi cha pili chote. Terodde kwa penalti, Terodde tena, halafu Zalazar la tatu. Mpira ulipoisha nyasi hazikuonekana kwa watu. Yule mzee akanikabidhi skafu yake, imelowa mate, nami nikaivaa.

Mwaka uliofuata tukashuka tena. Msimu uliopita tumekuwa wa 14. Kocha mpya Miron Muslić katokea Plymouth ya Uingereza. Sitaki hata kupanda, nataka Aprili ifike nisiwe napiga hesabu za kushuka.

Kijana wa Temeke
Huo ni unyonge, kaka.

Mnyamwezi wa Essen
Njoo ukae huku misimu miwili kwanza.

Mbeba Maboksi Hamburg
Najua sisi tumeshapanda, lakini kisa changu ni cha huko kwenu. Mei 28, 2023, siku ya mwisho, HSV anashinda 1-0 Sandhausen. Heidenheim yuko nyuma kule Regensburg, na ikibaki hivyo tunapanda. Filimbi inalia, mashabiki wetu wanaingia uwanjani, watu wanakumbatiana. Kumbe Regensburg bado wanacheza. Heidenheim akapata penalti ya kusawazisha dakika ya 93, Kleindienst akafunga la tatu dakika ya 99. Niliona kwa macho yangu simu zikitolewa mifukoni moja moja, na nyimbo zikikatika upande mmoja wa uwanja kabla ya mwingine. Tukaenda mtoano, Stuttgart akatuchapa nyumbani na ugenini.

Misimu saba tulikaa huko, mpaka tulipomchapa Ulm 6-1 Mei mwaka huu tukapanda. Na sasa tumemsajili Yussuf Poulsen. Kwa wasiojua, baba yake alikuwa Mtanzania, na ligi hii anaijua, aliichezea Leipzig humo 2014 hadi walipopanda 2016.

Dada wa Saarland
Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya uuguzi kwenye makao ya wazee huku Saarland. Elversberg ni kamji ka watu kama elfu kumi na tatu hivi, na mwezi Mei walikaribia kabisa kupanda Bundesliga, kwenye mtoano! 2-2 kule Heidenheim, marudiano 1-1, mechi inaelekea muda wa ziada, dakika ya 95 Scienza akawafungia Heidenheim. Jameni.

Kuna mzee mmoja namhudumia, yeye ni shabiki wa Saarbrücken, hawapendi Elversberg kabisa. Asubuhi yake nilimkuta anatabasamu, chai ameimaliza bila kusukumwa. Usiku huo Saarbrücken naye akatolewa na Braunschweig kwenye mtoano wake wa kupanda kutoka daraja la tatu. Kesho yake hakuna aliyetabasamu, nikampimia presha tukanyamaza wote wawili.

Msimu huu niko na Elversberg, ingawa kocha Steffen ameenda Bremen na Asllani amerudi Hoffenheim. Itakuwa kazi.

Babu Lautern
Kaiserslautern, kapanda 1997 na msimu wa kwanza tu, 1998, kabeba ubingwa wa Bundesliga. Tangu hapo sijahama. Vijana endeleeni.

Fundi Redio
Naomba ratiba ya saa, mimi ni mgeni.

Mwanzisha uzi
Ijumaa za kawaida saa 1:30 usiku (hii ya ufunguzi peke yake ndiyo saa 3:30), Jumamosi saa 8 mchana na ile kubwa saa 3:30 usiku, Jumapili saa 8:30 mchana. Mwisho wa Oktoba Wajerumani wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo kwetu zote zitasogea mbele saa moja.