Ushauri: kifaa cha kwenye ndege, nikipime kwa friza na Kilimanjaro?

FundiSolda
Wakuu, heshima yenu. Nipo Arusha, nimeunda kifaa cha kuonyesha ndege iko wapi kwa setilaiti, cha kufunga kwenye Cessna Caravan za watalii. Mwenye ndege kasema bila vipimo vya baridi na mwinuko hakipandi. Bei za maabara za nje zinatisha. Nikilaze kwenye friza usiku kucha, kisha mpagazi akipandishe Uhuru Peak. Itatosha?

Saketi77
Mkuu, friza ya dukani inaishia kama nyuzi -18. DO-160, kiwango cha kupima vifaa vya ndege, kwa aina nyingi za vifaa inataka kilale kwenye -55 kikiwa kimezimwa, kisha kihimili +85. Na Uhuru ni mita 5,895, wakati Caravan inaweza kufika 7,620. Mpagazi muache apumzike.

MamaAvioniki
Mbona wote mmeng'ang'ania baridi? Kinachoua huko juu ni joto. Kwenye mita 7,620 hewa haifiki nusu ya uzito wa ile ya pwani, haiwezi kubeba joto la regyuleta yako, ile sehemu inayorekebisha volti. Kileleni ile baridi itakufichia tatizo. Kwenye kipimo chenyewe wananyonya hewa ya chemba, yaani chombo kilichofungwa, huku kifaa kikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa muda wa saa mbili. Bandika themokapo, waya wa kupimia joto, kwenye regyuleta, utaniambia.

FundiSolda
Chemba naitoa wapi, dada?

Saketi77
Azima pampu ya vakyumu kwa mafundi wa friji. Chombo kiwe cha chuma kinene, mtungi wa glasi utakupasukia. Shusha hadi kilopaskali 38, shinikizo la hewa la mita 7,620. Angalia geji lakini: nyingi zinahesabu kutoka hewa ya nje, na Arusha hiyo tayari ni pungufu, kama 86.

MamaAvioniki
Friza nayo usiitupe. Kikitoka, kiwashe hapohapo bila kukifuta. Ndege ikishuka Zanzibar, bodi ya baridi inatoa jasho kama chupa ya soda. Kama hukuipaka vanishi ya kinga, utajua.

FundiSolda
Nashukuru sana. Betri ya lipo, ile ya lithiamu, je?

MamaAvioniki
Toa. Ile ya mfuko huvimba hewa ikipungua. Chukua umeme wa ndege, volti 28. Halafu TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usiwapelekee majibu ya chombo chako cha nyumbani. Hayo ni yako, ili maabara usiilipe mara mbili.

FundiSolda
Bodi ninayo moja tu.

Saketi77
Tengeneza ya pili kwanza.