Klia imefanya ukungu, namba 11 imevunjika: modeli ya Datsun 240Z ya Safari nianze upya au nipake tope?

Kigoda_Tanga

Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni.

Shemeji yangu aliyeko Muscat aliniletea seti ya modeli ya plastiki ya kampuni ya Hasegawa, Datsun 240Z, kipimo cha 1:24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari la kweli), ile gari namba 11 ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari, yale mashindano ya rali, mwaka 1971. Nimeanza kuiunganisha mwezi wa Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, na mpaka leo haijaisha. Mke wangu anaiita mke mwenza.

Bodi nililiosha kwa sabuni, nikapiga praima ya kijivu, nikapiga nyekundu mikono mitatu myembamba, boneti nikaipaka nyeusi isiyong'aa kama ilivyo kwenye picha. Hadi hapo nilikuwa natembea kifua mbele, nikiwaonyesha hata majirani.

Balaa likaanza kwenye stika za maji, zile unazolowesha ndipo zitoke kwenye karatasi. Mlango wa kushoto ulikubali. Wa kulia, ile namba 11 nilipoisukuma itoke kwenye karatasi yake ikapasuka vipande vinne, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Vitatu nimeviokoa, cha nne kimepotelea kwenye bakuli. Nikajipa moyo, nikasema klia, ile rangi angavu ya kumalizia, itaficha. Nikaamka alfajiri kwa sababu upepo huwa umetulia barazani, nikapuliza. Dakika kumi hazijafika, paa lote likawa jeupejeupe, kama gilasi ya maji baridi ikitoka friji. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha.

Sasa nauliza. Nivue rangi yote nianze moja, au nipake tope nifunike aibu? Kaka yangu ananishauri nipake gundi nimwagie mchanga wa uani, eti Safari ni tope tu, nani ataangalia mlango.

---

Dogo_Moshi

Kaka yako yuko sahihi mkuu. Mwaga mchanga, maliza, weka kabatini.

---

SpreyiMvita

Dogo usimpoteze mwenzio.

Kigoda, mimi napiga rangi magari ya watu hapa Mombasa mwaka wa kumi na sita huu, na huo ukungu naujua kama ninavyoijua njia ya kwangu. Rangi yako nzima, haijaharibika. Ulichofanya ni kufungia unyevu ndani ya klia. Thina inapokauka haraka inapoza uso wa bodi, hewa ya pwani alfajiri imeshiba maji, basi umande unashika juu ya klia ambayo bado mbichi. Ndiyo huo weupe. Upepo kutulia ni sawa, lakini wewe umechagua saa ambayo hata kanga ya kwenye kamba haikauki.

Tiba yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Iache bodi siku mbili. Halafu ngoja siku yenye jua, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Kopo la klia liweke kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, dakika tano. Usilitie jikoni wala kwenye maji yanayochemka, litakulipukia. Bodi nayo iwe imekaa ndani ya nyumba kavu, isitoke kwenye baridi. Kisha pitisha mkono mmoja mwembamba, ukungu tu, usilowanishe. Klia mpya inailainisha ile ya zamani, unyevu unapata pa kutokea, na weupe unaondoka mbele ya macho yako. Ukibaki kidogo, subiri nusu saa, rudia.

Onyo moja: usije ukachukua klia ya gari la kweli, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu), ukaimwaga nzito juu ya stika. Itazikunja kama karatasi kwenye moto. Na thina ya dukani usiiguse kabisa, plastiki ya modeli inayeyuka. Nilimwazima mtoto wa dada yangu chupa ya thina afute gundi kwenye ndege yake. Bawa likawa uji.

Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko kina mgongo wa mviringo kama paa la gari, kinakwambia ukweli.

---

Kigoda_Tanga

Mungu akubariki SpreyiMvita. Nimepaka kijiko leo saa sita mchana, kimetoka kioo. Jumamosi naingia kwenye bodi. Sasa namba 11?

---

Bibi_Plastiki

Mshukuru Mola gari lako si namba 86. Moja ni mstari tu, na 11 ni mistari miwili!

Mimi niko Nairobi, nimeunganisha modeli za rali tangu nikiwa chuo. Kwenye karatasi ya stika karibu kila mara hubaki vipande vyeusi ambavyo hukuvitumia. Chukua kimojawapo, weka juu ya kioo, kata vijiti kwa kiwembe kipya na rula ya chuma. Upana upime kutoka mlango wa kushoto ambao ni mzima, usikisie. Kama huna cheusi, paka rangi nyeusi kwenye ukingo mtupu wa karatasi hiyohiyo ya stika, ikauke usiku kucha, kata. Kile kiwanja cheupe chini ya namba, ukiona kipande kimekosa, kijaze kwa brashi nyembamba yenye rangi nyeupe. Ukiangalia kwa umbali wa mkono hutaona kiungo.

Stika zilizobaki zitavunjika vilevile, usijidanganye. Karatasi imezeeka. Kabla hujakata hata moja nyingine, pulizia karatasi yote klia nyembamba mikono miwili, iache siku nzima. Klia inakuwa ngozi mpya inayozishika. Baada ya hapo itabidi uikate kila stika karibu kabisa na ukingo wake, maana klia imeziunganisha zote. Maji yawe ya uvuguvugu, na usiivute kwa kidole: weka karatasi juu ya mlango, sukuma stika iteleze yenyewe kwa brashi iliyolowa. Mikunjo ya bodi ikiisumbua, siki nyeupe iliyochanganywa na maji inasaidia kidogo. Haifiki dawa yenyewe ya dukani ya kulainisha stika, lakini inasaidia.

Na mchanga wa uani, tafadhali. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, ukiizidisha mara 24, ni jiwe la milimita 12. Utakuwa umemwagia gari kokoto.

---

Mzee_wa_Voi

Marahaba wanangu.

Bibi amesema kweli kuhusu kokoto. Mimi nataka kusema kuhusu tope lenyewe, kwa sababu watu wengi hulipaka kama siagi kwenye mkate, gari zima sawasawa.

Nilikua Voi. Safari ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Mwaka huo wa 1971 Pasaka ilianguka tarehe 11 Aprili. Mimi sikumbuki gari fulani, nisije nikawadanganya, nilikuwa mdogo na tuliona mengi. Nakumbuka tulivyokaa kwenye tuta tangu usiku, na baba mdogo akitambua gari kwa mlio kabla taa hazijatokea. Zilipopita unalowa. Udongo wa kwetu ni mwekundu, ukishika shati jeupe mama anakupiga kwanza, anauliza baadaye.

Sasa tazama gari linavyochafuka. Nyuma ya kila tairi tope linarushwa juu na nyuma, kwa hiyo sehemu ya chini ya mlango, nyuma ya gurudumu la mbele, ndiyo inayoshiba kuliko zote. Linapanda mpaka karibu na kitasa halafu linakuwa matone, halafu linakuwa vumbi. Paa ni safi kiasi. Boneti hupata mapigo yanayotoka mbele, machache. Mkiani ndiko balaa: hiyo 240Z ina sifa ya hewa kuzunguka nyuma na kurudi kwenye mlango wa buti, hata moshi wa ekzosi waliokuwa wakiendesha waliulalamikia kuingia ndani. Basi kioo cha nyuma na taa za nyuma zipake zaidi ya unavyodhani inafaa. Kioo cha mbele acha nusu duara mbili za waipa, na ndani yake pawe safi kabisa. Pale vidole vilipofungua mlango, pawe pameng'aa. Taa za mbele ziwe zimefutwa, kwa sababu usiku bila taa huendi popote.

Namba ya mlangoni nayo huwa imefutwafutwa. Basi hutaweza kuificha hiyo 11 yako kwa tope hata ukitaka.

---

Mwenge_Dar

Mzee shikamoo. Natoka nje ya mada kidogo: kwa nini kila mtu anaunganisha Datsun? Sisi huku Dar tulikuwa na dereva Bert Shankland, kashinda Safari 1966 na 1967 mfululizo kwa Peugeot 404. Nani anayo seti ya 404?

---

Mzee_wa_Voi

Marahaba. Shankland huyohuyo mwaka 1971 alikuwa wa tatu, kwa Peugeot 504. Wa pili Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, naye kwa 240Z. Mehta alikuja kushinda 1973 kwa 240Z, halafu 1979 mpaka 1982 kila mwaka. Kwa hiyo Datsun zinaunganishwa kwa sababu zilishinda, mwanangu.

---

Dogo_Moshi

Haya nimenyamaza kuhusu mchanga. Lakini tope mnalitengenezaje?

---

Bibi_Plastiki

Nunua chaki za pasteli dukani wanakouza vifaa vya wanafunzi wa sanaa, zile kavu, si zile za mafuta. Nyekundu ya matofali, kahawia, na kijivu kidogo. Zikwangue kwa kiwembe mpaka ziwe unga, pitisha unga kwenye kipande cha soksi ndefu ya kike. Kinachobaki juu ya soksi tupa.

Changanya na maji, tone la gundi nyeupe ya mbao, na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye vidonge. Iwe kama uji wa mtoto kwa sehemu nzito, kama chai ya rangi kwa matone. Matone unayarusha kwa mswaki wa zamani: chovya, elekeza nyuma ya tairi, vuta nywele za mswaki kwa ukucha. Jaribu kwenye karatasi kwanza. Mimi mara ya kwanza niliipiga modeli yangu ya Toyota Celica tone moja la ukubwa wa shilingi katikati ya kioo.

Siri ni tabaka. La kwanza liwe limepauka, ni tope la jana lililokauka. Likishakauka weka la pili jeusi zaidi, sehemu chache, halafu kwenye hilo la pili tu tia klia kidogo kwa ncha ya brashi ili lionekane bichi. Kwa kuwa ni la maji, ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye maji na rangi yako chini haidhuriki. Ndiyo maana umalize klia kwanza.

Waipa: kata nusu duara kwenye maski tepu, bandika kioo, paka vumbi, bandua. Na vioo vyenyewe vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Ile gundi ya haraka inatoa moshi, kioo kinafanya ukungu usiotoka.

---

SpreyiMvita

Nakubaliana na dada yangu yote isipokuwa pasteli ya kijivu. Voi hakuna kijivu.

---

Bibi_Plastiki

Gari halikuishia Voi kaka. Huku bara kuna udongo mweusi unaong'ang'ania tairi. Lakini sawa, nimekubali nusu.

---

Kigoda_Tanga

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi saa tano kulikuwa na jua kali. Nimepasha kopo, nimepita mkono mmoja. Weupe uliondoka wote isipokuwa alama moja juu ya dirisha la nyuma, saizi ya punje ya mchele, na hiyo nimepita mara ya pili ikaisha. Nilikaa naitazama kama mtu aliyefiwa kisha marehemu akaamka.

Namba 11 nimeikata kwenye mabaki ya stika kama Bibi alivyosema. Mstari wa kwanza umekaa. Wa pili nimeuweka umeinama kidogo, nikauinua kwa maji, nikauweka tena. Sasa ukilinganisha milango miwili, namba ya kulia ni nyembamba zaidi kwa upana wa unywele mmoja. Mke wangu hajaona. Shemeji kaona kwenye picha, sekunde tatu hazikupita.

Mikanda ya viti nimetengeneza kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nimeikata milimita mbili, maana mkanda wa kweli ni kama sentimita tano. Antena nimevuta kwenye kipande cha fremu, ile plastiki inayoshikilia vipande vya seti, juu ya mshumaa mpaka ikawa uzi, nikaungua kidole.

Tope naanza wiki hii. Nimeshapata pasteli nyekundu na kahawia. Mzee wa Voi, naomba kuuliza: zile matone za pembeni, zifike juu ya kitasa au ziishie chini yake?

---

Mzee_wa_Voi

Ziishie chini. Mbili tatu ziruke juu.

---

Mwenge_Dar

Na ile 404 bado hakuna mwenye nayo?