Nyimbo tano za wasanii huru kila Ijumaa: nitumie njia gani? WhatsApp, Telegram, Audiomack au kwingine

Vumbi_la_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Tangu mwezi wa tano nimekuwa natuma nyimbo tano mpya kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp. Nyimbo zinazopigwa redioni kutwa nzima siziweki. Natafuta wasanii wanaojitegemea: singeli (ule muziki wa kasi) za studio za uswahilini Dar, vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaorekodi chumbani huku godoro limesimamishwa ukutani, bendi za mtaani, ngoma zetu za Kigogo zilizokutana na gitaa. Tulianza watu tisa, wote tulikuwa tunajuana. Sasa tuko mia na ushee, na kundi limenishinda.

Ijumaa iliyopita nimetuma saa 12 jioni. Ilipofika saa 2 usiku orodha ilikuwa imeshafukiwa na mchango wa harusi, kiwanja cha Ihumwa "kina hati, njoo inboksi", mbuzi anayecheza, na Simba na Yanga kama kawaida. Kesho yake mtu ananiuliza, "Admini, wiki hii umetusahau?" Nikajisikia kama nimepika pilau la watu mia nikaliacha jikoni.

Nataka kuhama. Nimejaribu Telegram kidogo, nimejaribu pleilisti ya Audiomack, ile programu ya kusikiliza muziki, YouTube ninayo. Wasikilizaji wangu wengi ni watu wa bando la siku, wengine wako Mpwapwa na Kongwa ambako mtandao unakuja na kuondoka. Waliowahi kufanya kitu kama hiki, mniambie kipi kilidumu. Asiyejua asubiri kama mimi.

Ngoja_Waje

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Dada_wa_Ipagala

Kaka, hiyo ya kwako si shida ya WhatsApp, ni shida ya kundi. Fungua chaneli ya WhatsApp. Zimeanza 2023. Wewe peke yako ndiye unayeandika, wengine wanasoma na kuweka kialama cha moyo au moto. Kiwanja cha Ihumwa hakina pa kuingilia.

Na kuna jambo ambalo nyie wanaume huwa hamlioni. Kwenye chaneli, wafuasi hawaonani namba. Mimi nilijitoa kwenye kundi la muziki, silitaji, kwa sababu kila nikisema wimbo fulani ni mzuri, usiku zinaingia meseji tatu za "mambo mrembo, unaishi wapi". Nilikuja kusikiliza ngoma. Ukihamia kwenye chaneli utashangaa dada zangu wangapi walikuwa wanakusoma kimya kimya.

Ubaya wake: mazungumzo yanakufa. Lile la mtu kusema "huyu msanii ni jirani yangu kabisa" hutalipata tena, na nakiri ndilo tamu.

Fundi_Spika

Mimi niko soko la Majengo, natengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo, kwa hiyo nitaongea habari za MB maana ndizo zinazoliza watu.

Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya ubora wa juu, kbps 320, ni karibu MB 10. Tano ni MB 48 hivi. Huo huo kwa 128 unakuja MB 4 kasoro, tano ni kama MB 19. Video ya YouTube hata ya ubora wa kati inapita hapo, tena ukizima skrini tu wimbo umekata. Dereva wa bajaji ataendesha huku kashika simu imewaka? Ataangukia mtaro.

Telegram ndiyo mwanaume. Faili hadi GB 2, kila ulichotuma kinakaa palepale hata mtu akijiunga mwakani anapanda juu kuanzia wiki ya kwanza. WhatsApp inaijaza simu ya mtu mpaka ananiletea mimi "fundi, simu nzito". Nafungua, nakuta GB 6 za asubuhi njema zenye maua.

Mwl_Kongwa

Fundi, samahani kidogo. Hizo faili unazosema atume, katumwa na nani? Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Ukichukua wimbo wa mtu ukausambaza kwa watu mia bila ruhusa yake, kusema "namtangaza" hakubadilishi kitu. Na hawa ni wasanii wadogo, hawana hata tamasha la kufidia.

Fundi_Spika

Mwalimu, hao wadogo ndio wanakuja wenyewe kwangu na flashi, "fundi niwekee kwa kila mteja". Bila memori kadi hakuna msanii wa Dodoma angejulikana Bahi.

Mwl_Kongwa

Aliyekuja mwenyewe, ametoa ruhusa. Ambaye hajaja, hujaruhusiwa. Hapo hatugombani.

Chumba_Namba_9

Nipo UDOM, mwaka wa tatu, na mimi ni mmoja wa hao wa godoro ukutani 😂 Naomba niongee kwa upande wa mwenye wimbo, maana hapa wote mnaongea kama wasikilizaji.

Spotify ilifika Tanzania Februari 2021 na sote tulirukaruka. Mwaka 2024 wakaanza utaratibu mpya: wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye malipo. Wimbo wangu wa kwanza ulifika 212, na nina hakika 40 ni mama yangu. Kwa hiyo ukiweka linki ya Spotify kwa watu wako mia, mimi sipati hata senti, ila nikisogea kuelekea elfu napata matumaini. Tena asiyelipia hawezi kupakua wimbo. Kwa watu wa bando la siku hapo pamefungwa.

Audiomack angalau inakubali nyimbo nyingi zipakuliwe na mtu asiyelipa. Unapakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, unasikiliza ukienda Nzuguni. Boomplay wengi wanayo hata bila kujua, imekuja ndani ya Tecno na Infinix zao. Mdundo ni ya watu wenye simu ndogo kabisa: unaingia, unapakua MP3, basi. Ila mwanzoni mwa wimbo unakaribishwa na tangazo, na wimbo wangu unaanza kwa ukimya wa sekunde tano. Ukimya wenyewe ndio niliuhangaikia usiku kucha.

Ambayo hamjaitaja ni Bandcamp. Ipo tangu 2008. Mtu anasikiliza bure, akipenda ananunua. Ukiuza albamu ya dola 5 wao wanakata asilimia 15, yaani senti 75, ukitoa na makato ya malipo kinachobaki ni chako. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo hawakati fungu lao kabisa. Kwa mnunuzi wa Dodoma ni ngumu, sidanganyi. Lakini kwa kutafuta nyimbo za kuweka kwenye orodha yako, kaka Vumbi, hakuna kisima kama kile. Singeli ya studio ya Sisso pale Mburahati, waliyoitoa Nyege Nyege Tapes, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Kampala, mwaka 2017, mimi niliikuta huko. Mtanzania mzima, nimeletewa singeli kupitia Uganda.

Ngoja_Waje

Karanga zimeisha. Endeleeni.

Mzee_wa_Zeze

Mbukwenyi wanangu. Mimi niko Chamwino, simu hii kanifundisha mjukuu.

Nisikilizeni kuhusu huo ubora mnaoupunguza ili kuokoa bando. Mjukuu alinirekodi napiga ilimba, ala yetu ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akaituma kwenye kundi fulani. Mtu akajibu, "Mzee, faili limeharibika, linakwaruza." Halijaharibika! Ilimba yetu ina tundu, na juu ya tundu tunabandika utando wa buibui, ule wa kifuko cha mayai yake. Ukipiga, utando unatetema na kutoa ule mlio wa zzzz chini ya sauti. Ule mlio ndio roho. Bila huo una kibao cha chuma tu. Sasa simu ikiuminya wimbo mpaka ukawa mdogo, mlio wa buibui na mlio wa spika mbovu vinakuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia gani, muulize wimbo gani. Singeli utaiminya na bado itakimbia. Zeze na ilimba ukiziminya umeniua.

Dada_wa_Ipagala

Shikamoo mzee. Hilo la utando wa buibui sikulijua, na mimi Mgogo wa Kikombo kabisa. Aibu yangu.

Mzee_wa_Zeze

Marahaba mwanangu. Hakuna aibu, njoo Chamwino uone.

Chumba_Namba_9

Mzee kanifumbua macho. Nadhani hapa ndipo maneno yanapohitajika. Vumbi, orodha zako nimezisoma, kuna mtu alinitumia. Unaandika jina la msanii, jina la wimbo, linki, na 🔥🔥🔥. Moto tatu kwa kila wimbo. Nitajuaje kwamba zzzz ni buibui? Andika sentensi mbili tu. "Sikiliza kwa spika za masikioni, huo mkwaruzo ni wa makusudi." Hiyo ingenifanya nitumie MB zangu 10 bila kinyongo.

Vumbi_la_Nkuhungu

Nimekubali. Moto zangu zimenishitaki.

Mtu_wa_Jamatini

Swali kidogo nje ya mada. Msanii huru ni yupi? Maana wiki moja Vumbi aliweka Zawose Queens, Pendo na Leah. Albamu yao ya 2024 imetoka Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel wa Uingereza. Huyo naye ni wa godoro ukutani?

Mzee_wa_Zeze

Hao ni watoto wa nyumbani. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu wa Kigogo, Leah ni mjukuu wake. Hukwe alifariki 2003. Zamani katika kundi la familia wanawake walikuwa waitikiaji na wachezaji, mbele walikaa wanaume. Leo wao wenyewe ndio wako mbele na ala mikononi. Nani huru kuliko huyo?

Mtu_wa_Jamatini

Mzee, kwa heshima, umejibu swali lingine. Mimi nauliza habari za lebo.

Chumba_Namba_9

Ukienda kwa lebo tu, basi na singeli ya Sisso haimo kwa sababu ilitolewa na Nyege Nyege Tapes. Mimi kipimo changu ni kingine: je, wimbo huu ungekufikia bila mtu kukunong'oneza? Kama redio ya hapa mjini itaupiga mara nane kwa siku, hauhitaji orodha ya Vumbi. Zawose Queens jirani yangu wa chumba hajawahi kuwasikia, na anatoka Manyoni.

Mtu_wa_Jamatini

Sijaridhika ila nimeelewa.

Mwl_Kongwa

Na mimi niongeze la siku. Ijumaa umeiga kule nje. Tangu 2015 lebo nyingi duniani zimekubaliana kutoa nyimbo mpya Ijumaa, sawa. Wasanii wetu wanatoa siku wimbo ulipoiva, au siku studio ilipolipwa. Kwa mtumishi wa hapa Dodoma, Ijumaa jioni ni ya safari: watu wako stesheni wanawahi treni ya Dar, mtandao njiani unakatika. Jaribu Alhamisi usiku, mtu apakue nyumbani, asikilize kwenye siti.

Dada_wa_Ipagala

Hilo la mwalimu ni kweli. Tangu treni hiyo ya SGR ianze 2024, kaka yangu hasikilizi muziki popote isipokuwa humo.

Vumbi_la_Nkuhungu

Wakuu, nimesoma yote, nimeongea na rafiki zangu wawili wa mwanzo, na nimeamua hivi.

Nafungua chaneli ya WhatsApp, kwa sababu ndiyo programu pekee ambayo kila mtu wangu anayo na tayari ameiwekea bando. Kundi la zamani linabaki kwa ajili ya umbea na viwanja. Nyimbo zitakuwa tatu badala ya tano. Nilihesabu: kati ya zile tano, mbili nilikuwa naziweka ili zitimie tano. Kila wimbo utakuwa na sentensi mbili au tatu, na linki ya Audiomack kwanza kama ipo, maana wa Mpwapwa anaweza kupakua. Kama msanii ana Bandcamp nitaiweka chini, mwenye kadi yake ya benki anunue. Faili zenyewe sitatuma, isipokuwa za msanii aliyeniandikia kwamba anaruhusu. Telegram itakuwa kabati la kumbukumbu, orodha zote kwa maandishi tu.

YouTube nimeiacha. Najua mtanisema, ila bajaji na mtaro vimenitosha.

Siku ni Alhamisi saa 2 usiku. Ya kwanza naanza na rekodi ya mzee, kama mjukuu ataniletea ile ambayo haijaminywa.

Mzee_wa_Zeze

Mjukuu anasema ni MB 41. Ataleta kwa flashi, siyo kwa simu.

Chumba_Namba_9

Na wangu je? Uko 212 bado 😅

Vumbi_la_Nkuhungu

Wako wa pili. Nimeusikiliza mara tatu. Zile sekunde tano za ukimya nitaziandikia sentensi yake peke yake.

Kitochi_Oyee

Nimechelewa uzi. Nasoma kwa simu ya shemeji. Mimi natumia kitochi, hakina WhatsApp, hakina hiyo Audiomack, kina tundu la memori kadi tu. Sisi mmetuweka wapi?

Fundi_Spika

Njoo Majengo Ijumaa asubuhi na kadi yako. Za walioruhusu tu, Mwalimu, nakuona hapo.

Mwl_Kongwa

Sijasema kitu.