Wajukuu wa Kituo

Yaya (dada mkubwa) Odette, 06.12: Ndugu zangu, amkeni. Jumamosi tunakwenda kwenye kituo cha treni cha babu, na kabla ya kufika kila mmoja aandike anachokijua, kwa sababu uliobaki ni ukuta mmoja na ule mwembe. Nauli ni dola 10.

Yaya Odette, 07.03: Mmesoma kumi na mmoja, hakuna aliyejibu. Basi naanza mimi. Reli ilitoka kusini, ikafika Sakania, mpakani na Zambia, mwaka 1909 na Elisabethville, yaani hapa Lubumbashi, mwaka 1910. Kituo chetu hakikuwekwa kwa ajili ya abiria. Mashine za mvuke zilitaka maji na kuni, na kwa kuwa njia ni moja, treni moja ililazimika kuingia pembeni ili nyingine ipite.

Patrick, 07.05: Mimi nitakwenda kwa treni, Yaya. Nisipofika, niwekeeni bukari (ugali) hadi Pasaka.

Chantal, 07.06: Pasaka ipi? 😂

Yaya Odette, 07.07: Patrick, dola 10.

Chantal, 11.25: Treni za dizeli hazikuhitaji maji ya mvuke, na tangi likabaki na kutu. Lakini andikeni pia kile kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni, ambacho babu alikigonga mara tatu kila treni ilipokaribia. Kiliuzwa kama chuma chakavu, na aliyekiuza yumo humu.

Noko (mjomba) Kabwe, 11.31: Nilikiuza mama yako alipokuwa amelazwa, na hadi leo hakuna aliyeniuliza fedha zile zilikwenda wapi.

Gervais, 15.48: Samahani, nasoma sasa. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawa na za Zambia, ndiyo maana mabehewa ya shaba yalivuka mpaka bila kupakuliwa. Babu alianzia BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, akamalizia SNCZ, shirika la reli la taifa lililoundwa mwaka 1974.

Mama Mkubwa, 18.20: Fedha za kile chuma nilizipokea mimi, nikalipa dawa. Kabwe mwachieni. Tena baba hakugonga mara tatu kwa kila treni: tatu zilikuwa za treni itokayo Sakania, mbili za ile itokayo mjini. Kama hamkulijua hilo, mlitaka kuandika historia ya nani?

Yaya Odette, 20.02: Tumesikia, Mama Mkubwa.

Yaya Odette, 20.40: Noko, Jumamosi utakuja?

Patrick, 21.15: Nimetuma dola 5. Nyingine nitaileta mkononi.

Yaya Odette, 21.16: Noko?