Mrejesho: vibao vya mpini wa wembe wa babu

Wakuu, niliwauliza namna ya kufunga vibao vya mpini kwenye wembe wa kukunja wa marehemu babu, ule wa Solingen, Ujerumani. Kazi imekamilika, ahsanteni sana! Mpingo wa vibao nimeupata kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Pini ni waya wa shaba njano, milimita 1.6, na washa ndogo (vipete bapa) kila upande. Nilianza mkiani mwa mpini penye kabari, kile kipande kinachotenganisha vibao viwili. Pini inayobeba wembe ndiyo yenye kazi: gonga kidogo kwa nyundo ndogo, kunja, tazama makali yasiguse kibao, gonga tena. Kichwa cha pini kinatanuka taratibu, mpingo haupasuki. Gundi sikuitaka kwenye pini. Ikilegea naigonga tena. Sasa natafuta jiwe laini la kunolea, anayelijua Kariakoo anielekeze.